Maji ya Kufanyia Sabuni

Sabuni ifanywayo nyumbani ina vitu vitatu: mafuta, kostiki soda na maji. Viwili vya kwanza hununuliwa kwa fedha, hupimwa kwa mizani, na mwenye navyo huvifungia kabatini mbali na watoto. Cha tatu huchotwa tu. Mfanya sabuni awezaye kueleza kwa muda wa saa nzima tofauti ya mafuta ya nazi na mafuta ya mawese, akiulizwa habari ya maji yake, aghalabu hujibu kwamba ni ya kisima, au ni ya bomba, kana kwamba jina la mahali limekwisha sema kila neno. Kwa kuwa maji ni rahisi kwa bei, hudhaniwa kuwa ni rahisi kwa tabia pia.

Siku hizi wapo na watu wa upande wa pili. Hao wamesoma, au wameambiwa, kwamba sabuni njema haipatikani ila kwa maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, na kwamba mtu asiye nayo heri aache kazi. Neno hili limewavunja moyo wengi wasio na duka karibu, na kuwatia wengine katika gharama ambayo faida ya sabuni haiwezi kuirudisha. Kati ya wasemao kuwa maji yote ni maji na wasemao kuwa maji yote ni mabaya isipokuwa ya chupa, ukweli una nafasi yake. Lakini nafasi hiyo haiko katikati hasa, kama mtu awezavyo kutazamia.

Pwani ya mashariki ya Unguja yafaa kuwa mahali pa kuutafutia. Nazi zipo, karafuu na mdalasini havikosekani sokoni, na tangu kilimo cha mwani kilipoanza huko mwaka 1989 wanawake wa vijiji vya ufukweni wamejifunza kukipatia kitu cha baharini bei ya nchi kavu. Baadhi yao hufanya sabuni ya mafuta ya nazi iliyochanganywa na mwani, wakaiuza kwa wageni na kwa wenyeji. Walakini nchi yenyewe ni ya mawe ya matumbawe. Mvua inyeshapo haikai juu ya ardhi, bali hupenya mawe na kushuka. Njiani huwa si mvua tena. Hewa imekwisha kuipa ukali kidogo, na udongo wenye mizizi na majani yaliyooza huiongezea. Ukali huo, ingawa ulimi hauutambui, watosha kuyala matumbawe chembe kwa chembe. Maji yafikapo kisimani yamekwisha kujitwika mzigo wa chokaa, hasa madini yaitwayo kalsiamu, pamoja na magnesiamu kidogo. Macho hayaoni kitu. Maji ni maangavu, ni baridi, na pengine ni matamu kuliko ya mjini. Watu wa elimu huyaita maji magumu, na jina hili, ijapokuwa lachekesha kwa kitu kinachomiminika, limekwisha zoeleka.

Mwanamke wa nyumbani huyajua maji haya kabla ya mwanachuoni. Birika lake hushika ukoko mweupe ndani, usiotoka kwa kusuguliwa. Chai yake ikikaa kidogo huvaa utando mwembamba juu, wenye mng'aro kama wa mafuta. Maharage yake hukaa motoni tangu adhuhuri hata alasiri na bado yana kiini, mpaka ayatupie kipande cha magadi. Mambo haya matatu kwa kawaida hayaelezwi kuwa ni jambo moja, lakini ni moja: ni chokaa ile ile, mara imeganda kwa moto, mara imeshikana na rangi ya chai, mara imelikaza ganda la haragwe. Mwenye dalili tatu hizi nyumbani kwake hana haja ya kuyapeleka maji kwa mpimaji ili ajue kuwa ni magumu.

Sabuni nayo hushikwa na chokaa hiyo. Tangu Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipotoa kitabu chake juu ya mafuta ya wanyama mwaka 1823, imejulikana kwamba mafuta yana asidi zake, na kwamba sabuni ni ndoa ya asidi hizo na soda. Ndoa hiyo huyeyuka majini, na ndiyo sababu hutoa povu na kuchukua uchafu. Kalsiamu ikitokea huivunja: huisukuma soda kando na kuishika asidi ya mafuta yenyewe, kwa mkono wenye nguvu zaidi. Kipatikanacho hakiyeyuki tena. Ni utando wa kijivu, wenye kunata, uelelao juu ya beseni na kuacha duara ukingoni. Wafuaji husema ni uchafu wa nguo. Sehemu yake ni uchafu kweli. Sehemu kubwa ni sabuni iliyokufa kabla ya kufanya kazi.

Hapo ndipo hesabu inapohitajiwa, maana wengi hukata shauri kwa hofu mahali pa kukata kwa hesabu. Kilo moja ya mafuta ya nazi yataka kadiri ya gramu 183 za kostiki soda ili yote yawe sabuni. Wafanya sabuni wenye hadhari hupunguza kidogo, wakatia gramu 175 hivi, ili mafuta machache yabaki huru na ngozi isichomwe. Maji ya kuiyeyushia kostiki hiyo, kwa desturi ya uzani wa mara mbili, ni gramu 350. Na ichukuliwe kwamba maji hayo yametoka katika kisima chenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita moja, ukihesabiwa kwa chokaa. Ugumu huo si wa ajabu penye mawe ya namna hii. Kila lita ya maji hayo huweza kuua gramu 1.4 hivi za sabuni ya nazi. Basi gramu 350 za maji zitaua nusu gramu tu, katika kalibu yenye sabuni ya kilo moja na nusu. Hapana mtu awezaye kuiona hasara hiyo kwa jicho wala kuihisi kwa mkono.

Sabuni hiyo hiyo ikisha kuuzwa, ikasuguliwa katika ndoo ya lita 20 iliyochotwa kisima kile kile, mambo hugeuka. Ndoo hiyo hula gramu 28 kabla ya kukubali kutoa povu la kudumu. Kipande cha gramu 100 kitakwisha kwa ndoo tatu na nusu, na bado nguo haijatakata. Maji ya kusuuzia nayo hayakosi kudai haki yake: huikuta sabuni iliyobaki katika nyuzi za nguo, yakaigandisha humo humo, na shuka iliyokuwa nyeupe ikaingia rangi ya majivu baada ya miezi michache. Kwa hiyo chokaa ya maji, ambayo kila anayeonya juu ya maji ya kufanyia sabuni huitaja kwanza, haina madhara makubwa kalibuni. Madhara yake yako ndooni.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mtu asiyeijua huweza kuharibu kazi yake na mikono ya wenziwe. Mnunuzi hurudi kwa mwenye sabuni na kumwambia, "Shoga, sabuni yako ya safari hii haina povu." Mwenye sabuni huona haya, kwa maana amenunua mafuta mazuri na amepima kila kitu. Huitazama sabuni, hakioni kisima. "Niwie radhi, mwenzangu," hujibu, "nitakufanyia iliyo kali zaidi." Safari ya pili badala ya gramu 175 za kostiki hutia 200. Mafuta ya kilo moja hushiba kwa gramu 183. Gramu 17 hubaki bila mwenzi ndani ya sabuni. Na la kuhuzunisha ni kwamba povu huenda likaongezeka kidogo, kwa kuwa kostiki iliyosalia hupambana na chokaa ya ndooni. Mnunuzi hushukuru. Baada ya juma moja ngozi ya vidole vyake hukauka, ikaanza kupasuka, naye hudhani ni upepo wa kaskazi. Kosa la kisima limetozwa mikono ya mfuaji. Laiti yule wa kwanza angaliyajaribu malalamiko yale kwa kusugua kipande kidogo katika maji ya mvua, angaliona povu limejaa bakuli, na mizani isingaliguswa.

Je, maji ya kalibuni hayana neno basi? Yanalo, lakini si lile watu waliogopalo. Liko katika chuma na shaba nyekundu. Madini haya mawili hayahitaji kuwa mengi, kwa kuwa hayaliwi katika kazi yao: huiharakisha hewa kuyaharibu mafuta, kisha hubaki kama yalivyokuwa, tayari kuharibu mengine. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na chuma ambacho ulimi hauwezi kukionja katika lita moja ya maji huwa kingi mno kwa mafuta yale machache yaliyoachwa huru. Sabuni hutoka kalibuni nyeupe na nzuri. Hukaushwa kwa wiki 4 hadi 6, kama ilivyo ada. Kisha siku moja mwenyewe huona juu ya kipande doa moja la rangi ya kutu, dogo kama punje ya mtama. Baada ya siku chache madoa ni kumi, na chumba kinanuka mafuta yaliyochacha. Mafuta ya nazi hustahimili ubaya huu kuliko mengi, lakini wale wanaoyachanganya na ya alizeti au ya ufuta hupatwa upesi. Si kila doa latoka majini, kwa maana mafuta yaliyokwisha zeeka huleta madoa yayo yenyewe. Walakini maji ni mshitakiwa wa kuulizwa mapema.

Chuma kina hila. Maji ya kisima kirefu huweza kutoka safi kabisa, yakang'aa katika gilasi, kumbe kimeyeyuka ndani. Yakipata hewa hugeuka rangi. Ndiyo maana jaribio lililo bora halina gharama: maji hutiwa katika bakuli jeupe, yakaachwa wazi usiku kucha. Asubuhi ikionekana rangi ya manjano au mashapo mekundu, maji hayo yafaa kwanza kumiminwa mara nyingi kutoka chombo hata chombo ili yashibe hewa, yatuliwe, kisha yachujwe kwa mchanga safi. Yakikataa kutakata, yaachiwe kazi nyingine.

Chumvi ni habari tofauti. Visima vilivyo karibu na ufuko huingiwa na bahari chini kwa chini, hasa mwisho wa kiangazi, na maji yao huwa ya chumvi chumvi. Chumvi haiiui sabuni kama chokaa iifanyavyo, huifukuza majini. Wapika sabuni wa viwandani huitumia kwa makusudi: huimwaga katika sabuni inayochemka, na sabuni hupanda juu ikajitenga na maji yenye gliserini. Kwa mfanya sabuni wa nyumbani chumvi kidogo huifanya sabuni ishikamane na kuwa ngumu mapema, jambo ambalo wengine hulipenda. Ikizidi, kipande huvunjika kisu kipitapo, na povu hupungua. Maji ambayo ulimi huyaita ya chumvi yasitiwe kalibuni pasipo kujaribiwa kwanza kwa kipimo kidogo.

Hapa ulimi umesema kweli. Mara nyingi haisemi. Katika nchi zinazouzunguka Mlima Meru, na mahali kadha wa kadha pa Bonde la Ufa, yapo maji yenye floridi nyingi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka, na watoto walioyanywa tangu utotoni huonekana kwa meno yao ya rangi ya kahawia. Aghalabu maji hayo yana soda nyingi na kalsiamu chache. Hilo si tukio la bahati, kwani kalsiamu ingekuwapo ingeikamata floridi na kuizamisha. Basi maji yale yale yasiyofaa kunyweshwa mtoto hulitoa povu la sabuni kwa upesi wa ajabu, na maji ya matumbawe, ambayo kalsiamu yake haina ubaya kwa mifupa, huinyima sabuni povu. Kinywa na sabuni ni mahakimu wawili wenye sheria mbili, na hukumu ya mmoja haina nguvu katika baraza la mwingine.

Maziwa makubwa nayo hutofautiana vivyo hivyo, ijapokuwa yote mawili ni maji baridi na yote mawili hunywewa. Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Mfuaji wa Mwanza au wa Bukoba huona povu bila ya jitihada. Ziwa Tanganyika limebeba magnesiamu nyingi, nayo magnesiamu haiihurumii sabuni. Huko Kigoma, ambako mawese ndiyo mafuta ya nyumbani na sabuni ya mawese ni bidhaa ya zamani, mtu asitazamie povu lile lile la Mwanza hata akiyachukua mafuta yake pamoja na mizani yake na kurudia kila kipimo.

Maji ya mvua ndiyo yenye sifa kuliko yote, na sifa hiyo ni ya haki kwa maji yaangukayo, si lazima kwa maji yapatikanayo. Mvua hulainika mawinguni, kisha hupita juu ya paa. Bati jipya haliidhuru sana. Bati lililoshika kutu huitia chuma. Makuti huitia rangi ya chai. Nyumba iliyoelekea bahari huwa na chumvi juu ya paa lake, iliyoletwa na upepo kwa miezi mizima ya ukavu. Kwa sababu hizi mvua ya kwanza ya vuli au ya masika haikingwi: huachwa ioshe paa, na ile ifuatayo, ikisha kunyesha kwa nguvu, ndiyo iwekwayo katika mtungi au pipa la plastiki lenye kifuniko. Lita 20 za namna hiyo, zilizochujwa kwa kitambaa safi, zatosha kwa zaidi ya kilo 50 za mafuta ya nazi. Hapana mfanya sabuni wa nyumbani atakayeshindwa kuzipata msimu mmoja, na hapo lile deni la maji ya dukani limekwisha.

Watu hutumia na maji mengine, na mawili yataka neno. La kwanza ni yale yauzwayo kwa wenye magari. Maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, ambayo huongezwa katika betri, yafaa sana kwa sabuni. Lakini katika maduka mengi jina la maji ya betri hutajwa kwa vitu viwili: kwa maji hayo, na kwa asidi ile ya kujazia betri mpya. Zote mbili hazina rangi, na chupa zao huweza kufanana. Kostiki ikitupwa katika asidi hiyo huchemka na kuruka papo hapo, na macho ya mtu hayana badala. Asiyeweza kusoma maandishi ya chupa, au aliyeuziwa kwa kumiminiwa katika chupa ya soda, asithubutu. La pili ni maji yadondokayo kutoka viyoyozi vya maofisi. Hayo nayo ni mvuke uliorudi kuwa maji, na watu wenye akili ya kutumia kila kitu huyakinga kwa ndoo. Yanapoanzia ni safi. Lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba na mapezi ya alumini yenye vumbi la miaka, na shaba ndiyo ile iliyokwisha tajwa.

Maji ya bomba ya mji hayana ubaya mwingine ila ule wa mahali yalikotoka. Harufu ya dawa iliyotiwa kuua vijidudu hupungua yakilala katika ndoo wazi usiku mmoja, wala kiasi chake si cha kuishinda kostiki.

Kwa asiye na mvua wala ziwa laini, maji magumu huweza kulainishwa. Mengine hulainika kwa kuchemshwa: chokaa iliyoshikwa na ule ukali wa hewa huachiliwa moto unapoufukuza, ikatua chini ikawa ukoko wa birika. Kuni na makaa huwa ghali, na ugumu wa namna nyingine hausikii moto. Mwaka 1841 Thomas Clark, mwalimu wa kemia katika mji wa Aberdeen, Uskoti, aliandikisha njia yake ya kuyalainisha maji ya mji mzima kwa kuyatia chokaa. Aliyeambiwa haraka hucheka, kwani chokaa ndiyo maradhi yenyewe. Lakini chokaa mbichi iliyotoka tanuri huula ule ukali uliokuwa ukiishikilia chokaa ya zamani majini, na zote mbili huzama pamoja. Huyo Clark ndiye aliyefundisha pia kuupima ugumu kwa sabuni. Maji ya sabuni yenye nguvu ijulikanayo hudondoshwa katika chupa ya maji yanayopimwa, chupa ikatikiswa, na matone huhesabiwa mpaka povu lisimame kwa dakika 5. Jaribio hili halihitaji maabara. Chupa mbili zilizo sawa, moja ya mvua na moja ya kisima, huonyesha kwa hesabu ya matone ni mara ngapi kisima kimekuwa mwizi kuliko mawingu.

Mwenye haraka anayo kostiki yake kuwa shahidi. Ikiyeyushwa katika maji laini huacha maji maangavu baada ya mapovu madogo kupanda. Ikiyeyushwa katika maji magumu hufanya ukungu mweupe, ambao ni chokaa na magnesiamu zinazofukuzwa. Ukungu huo hauidhuru sabuni, wala si vizuri kujaribu kuuchuja ilhali maji yale yamepata moto wa kuchemka na huweza kula ngozi. Kostiki hutiwa katika maji, wala si maji katika kostiki. Na chombo kisiwe sufuria ya alumini, ambayo huliwa upesi na kutoa hewa iwezayo kushika moto.

Haya yaeleza pia kwa nini wazee walioifanya sabuni kwa majivu hawakuyalalamikia sana maji yao. Majivu ya kuni yana magadi ya potasi. Maji ya kisima yakipitishwa katika kapu la majivu huiacha chokaa yake humo humo, na kinachodondoka chini ni ukali mtupu usio na kalsiamu: lilikuwa chujio kabla ya kuwa dawa. Wale waliotaka ukali zaidi walichanganya majivu na chokaa iliyochomwa, na hivyo katika nchi za matumbawe jiwe lile lile liharibulo maji kisimani liliweza kuitia sabuni nguvu likisha pita tanuri. Sabuni ya majivu ilikuwa laini kama uji mzito, kwa kuwa potasi haigandi kama soda. Mtoto aliyelelewa kwa sabuni hiyo na ajukuu wake anayenunua mche wa dukani hawalaumu maji kwa namna moja.

Mafuta ya nazi yana fadhila ya mwisho, nayo ni kubwa kwa watu wa pwani. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, pamoja na magnesiamu na kalsiamu nyingi kupita kisima chochote cha kijiji. Sabuni ya mafuta ya ng'ombe ikitiwa humo huganda vipande vipande kama maziwa yaliyochacha. Sabuni ya nazi hutoa povu. Asidi za nazi ni fupi, na watoto wake na soda huyeyuka hata mahali ambapo wengine hufukuzwa. Kwa hiyo sabuni hii iliitwa sabuni ya mabaharia, ambao maji matamu ya chomboni yalikuwa ya kunywa, si ya kuogea. Mkulima wa mwani atokaye majini jioni na mikono yenye mchanga huweza kunawa papo hapo ufukweni. Povu halitakuwa jingi kama la mvua, wala sabuni haitaacha kuliwa. Lakini itafanya kazi.

Kwa kisima cha matumbawe, mwenye sabuni anayetaka mnunuzi wake arudi bila ya malalamiko atamfungia magadi kidogo katika karatasi, pamoja na sabuni. Gramu 15 hivi za magadi safi katika ndoo ya lita 20 zatosha kwa ule ugumu wa miligramu 300, nazo zaokoa sabuni karibu mara mbili ya uzani wao. Magadi yayeyushwe kwanza katika kikombe cha maji ya moto, yamiminwe ndooni, yakorogwe, kisha ndoo iachwe mpaka ukungu mweupe uanze kutua; sabuni ifuate, isitangulie. Nguo za pamba na kanga hazidhuriki. Za hariri na za sufi hazipendi magadi. Hizo zingoje maji ya mvua.